Kemshafti ya Mashindano

Mwalimu Breki aliitwa hivyo kwa sababu alipofundisha udereva, mguu wake haukubanduka kwenye breki ya pili, ile ya upande wa mkufunzi. Kwa kuchoka kupitwa na kila chenye magurudumu, alimwendea fundi amwekee kemshafti ya mashindano.

"Hii ndiyo inayofungua na kufunga vali, vile vilango vya hewa vya injini," fundi alimweleza. "Hii ya mashindano inaziacha wazi zaidi, tena kwa muda mrefu. Injini ikizunguka kwa kasi, inavuta hewa tele, unapaa. Ila ukienda taratibu itakutesa. Na gari lenyewe ni la wanafunzi, ndugu yangu."

"Wewe funga tu."

Kesho yake mwanafunzi wa kwanza alikuwa mama mkwe wake, mshonaji mstaafu aliyechoka kubembeleza watoto wampe lifti. Gari lilitetemeka pale pale liliposimama, mpaka kioo cha ndani kikageuka kutazama paa.

"Baba, hili gari lina homa?"

"Hapana, mama. Linapata moto taratibu."

Likazimika. Akaliwasha, likazimika tena. Mwanafunzi mwingine angekwishafokewa, lakini mama mkwe utamfokeaje? Mwalimu Breki akamwelekeza upya, wakaondoka. Walipofika mlimani likaanza kurudi nyuma, na lori lililowafuata likapiga honi.

"Ongeza mafuta kidogo, mama."

"Kidogo limeshakataa," mama alisema kwa utulivu, kama anayezungumzia cherehani kaidi. Akavua viatu, akakandamiza pedali mpaka chini, akaachia klachi.

Injini ikanguruma, ikazinduka. Kilima kikaisha kabla Mwalimu Breki hajavuta pumzi. Yale magari yote aliyokuwa akitamani kuyapita, waliyapita siku hiyo, ila yeye hakuliona hata moja.

"Mbona ulifumba macho?" mama aliuliza walipoegesha.

"Nilikuwa naisikiliza injini, mama."

Jioni hiyo alimsihi fundi airudishe kemshafti ya zamani. Fundi alicheka mpaka akakalia tairi, kisha akaifunga, akalinganisha kwa makini alama za taimingi ili vali zifunguke kwa wakati wake, na gari likatulia kama zamani.

Mama mkwe hakupendezwa. "Umeliua," alisema, akanuna somo zima.

Hata hivyo alifaulu mtihani wake mara ya kwanza, akiendesha pekupeku. Mtahini aliposhuka garini aliegemea mlango kidogo, akaomba maji ya kunywa.