Hoteli ya Kumlisha Katarina

Mtoto wa miaka saba anakula vijiko vitatu vya uji asubuhi, halafu basi, mpaka kesho. Mzazi utafanya nini? Utambembeleza, utamfokea, utamwahidi sketi mpya. Mimi nilijaribu hata fimbo. Nilimchapa mara moja tu, kisha nikaenda nyuma ya banda la ng'ombe nikalia mimi. Katarina wangu alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, gauni la kanisani linamning'inia mabegani, na mimi Josephati, seremala mzima wa misheni, ninayejua kunyoosha mlango uliopinda, sikujua pa kumshika.

Mambo yalianza na surua. Iliingia kijijini kwetu Qurus mwezi wa pili wa mwaka themanini na tatu, na nyumbani kwangu ilianza na yeye. Alilala siku nane, macho yamevimba, kisha akapona. Alipopona yeye ikamshika mdogo wake, Yohani, aliyekuwa bado ananyonya. Yohani hakupona.

Sasa, kwetu Wairaqw kufiwa na mtoto anayenyonya si msiba tu ukalia ukaisha. Kuna metimani. Nyumba iliyoingiliwa na kifo cha namna hiyo inakaa peke yake, miezi kadhaa, pengine mwaka, mpaka wazee waseme yamekwisha. Huingii kwa mtu, na mtu haingii kwako. Hamli pamoja, hamnywi kikombe kimoja, maana atakayekula nanyi anaweza kukibeba kile kifo akakipeleka kwa watoto wake. Basi jirani anakusalimia toka mpakani mwa shamba, anapaza sauti kama anaita ng'ombe, na chakula cha rambirambi anakiacha juu ya jiwe anaondoka.

Na wote hao ni Wakristo! Jumapili wanaimba mpaka bati linatikisika. Padri alishasema mara ngapi kwamba mambo hayo yameisha? Wanaitikia amina, halafu benchi tunalokaa sisi linabaki na sisi watatu. Mimi nilisema wazi kwamba ni upuuzi. Nilisema kanisani, nikasema kilabuni, nikasema kazini mpaka wenzangu wakanichoka. Mke wangu Antonia akaniambia, "Baba Katarina, unapiga kelele kwa watu ambao hawajakujibu hata neno moja." Kweli, hakuna aliyenijibu. Ndicho kilichokuwa kinanitia wazimu.

Siku moja Katarina alikwenda kucheza kwa jirani yetu Tluway. Ikafika saa ya chakula, watoto wakazunguka sinia, na yeye akakaa kama alivyozoea. Mama yao hakumfukuza. Alimwita mwanawe mmoja, njoo unisaidie kuni. Akamwita wa pili, njoo ushike ndama. Akamwita wa tatu. Katarina akabaki yeye na sinia. Alirudi nyumbani bila kulia, akakaa mlangoni, na toka siku hiyo ndiyo hali.

Tulimpeleka zahanati. Mganga akampima, akamwangalia ulimi, akasema hana ugonjwa. "Huyu anataka kula na watu," akasema. "Mtafutieni mahali penye watoto wenzake." Wakati tunarudi, Katarina mgongoni kwangu, mwepesi jamani, kama nimebeba koti, akaniuliza sikioni, "Baba, hotelini watu wanakula meza moja?"

"Wanakula meza moja."

"Hata wasiojuana?"

"Hata wasiojuana."

Tukavuka korongo. Kisha akasema, "Basi huko nitakula."

Nyie! Nilisikia moyo unanipasuka kwa furaha. Jumapili iliyofuata baada ya misa tukaingia Karatu mjini, tumevaa vizuri, tunatafuta hoteli. Antonia alikuwa na masharti yake. Hakutaka zile za barabara kuu, wanakokaa madereva wa malori na chupa zao na matusi yao. Alitaka mahali pametulia, penye familia, penye watoto. Mimi nikasema tuanze kwa Hhando. Kwake ni barabarani, ndiyo, lakini kilevi haruhusu, na Hhando ni mwenzangu, tulitahiriwa mwaka mmoja. Atakataaje?

Ilikuwa saa sita na nusu. Tukamkuta amesimama mlangoni, anafuta mikono. "Karibu, kari..." Neno likamfia mdomoni. Akaangalia ndani, akaniangalia mimi.

"Josephati, ndugu yangu. Chakula kimekwisha."

"Kimekwisha saa sita? Na huo mvuke wa jikoni ni wa nini, unafua nguo?"

"Hicho ni oda ya watu."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Ni kweli mwaka ule vitu vilikuwa haba. Sukari kwa foleni, unga kwa foleni, sabuni hata foleni yake huioni. Mtu akikwambia kimekwisha unamwamini. Lakini Hhando alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu, na ndani nilikuwa naona sahani zimejaa. Akaninong'oneza, "Ningekuwa peke yangu ningekula na wewe, haki ya Mungu. Lakini hawa wataondoka wote."

Hapo nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Nikamuuliza amekula kwangu mara ngapi, nani alimtengenezea hizo meza anazojivunia. Wateja wote wakageuka. Antonia akawa ananivuta shati. Katarina alisimama akiangalia zile meza, anaangalia watu walivyokaa wamebanana, halafu akanishika mkono.

"Baba, twende. Si kimekwisha?"

Aliyasema kwa upole, kama mtu mzima anayemtuliza mlevi. Nikamfuata.

Mahali pa pili walifunga mlango kabla hatujafika, sina haja ya kupataja. Pa tatu palikuwa kwa Mama Sylvesta, nyuma ya soko, mama mmoja mnene mwenye huruma, na watu humsifu kwa usafi. Alitoka mpaka nje kutupokea. Akasema, "Poleni sana, poleni wanangu. Mkiwa na chombo chenu nitawapakulia, mkale pale chini ya ule mti, pana kivuli kizuri." Nyama yake ilikuwa inanukia mpaka mate yakanijaa. Lakini tukale nje, kwenye chombo chetu, kama mbwa wa jirani? Nikamwambia asante mama, tumeshiba. Tumeshiba! Tumbo la mtoto limeshikana na mgongo, baba yake anasema tumeshiba.

Tulipopiga kona Antonia akasimama. "Ungechukua tu," akasema. "Angalau angekula."

"Amesema anataka kula na watu."

"Amesema. Na wewe umechukua nini? Umechukua jeuri yako."

Tukatembea, tukapanda mitaa ya juu, kwenye nyumba za watumishi wa serikali. Huko kumetulia, minyaa imekatwa vizuri, nguo nyeupe zimeanikwa, hata mbwa wamelala. Si mahali pa kutafutia hoteli. Nilikuwa naenda tu, miguu inakwenda. Ni Katarina aliyeona kibao kwenye uzio, kimeandikwa kwa chokaa: HOTELI, KARIBUNI NA WATOTO.

Ndani ya uzio kulikuwa na meza mbili chini ya turubai. Mwenyewe alikuwa mama wa Kimasai, kijana, shanga masikioni na aproni kiunoni, kijiko cha mti mkononi. Jina lake Naeku, kwao Loliondo, mume wake dereva wa katapila la barabara, wamehamia hapo tangu Krismasi. Hayo yote alitueleza kabla hatujakaa, maana yule mama ana maneno kunishinda mimi.

"Takwenya!" akamsalimia Antonia, na Antonia akatikisa kichwa tu kwa kuwa hakujua kuitikia. Naeku akacheka. "Jibu ni *iko*, mama. Kaeni, kaeni. Wali upo, wa Mto wa Mbu, na mbuzi yupo. Meza ile imejaa, hii ina nafasi. Mwalimu, sogeza watoto wako, wenzenu wakae."

Mwalimu mmoja mgeni, wa kutoka pwani huko, akasogeza wanawe wawili. Tukakaa. Nikajiuliza, nimwambie huyu mama habari ya metimani? Nikajijibu, nimwambie nini? Mimi nimesema mwezi mzima kwamba hakuna kitu. Kama hakuna kitu, hakuna cha kumwambia. Nikanyamaza, na roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa.

Wali ukaja, unatoa moshi, na mchuzi juu. Katarina hakushika kijiko. Alikuwa anawaangalia wale wavulana wa mwalimu. Nilijua anachosubiri. Alikuwa anasubiri waitwe. Nami nikamwangalia mwalimu, nikiomba kimoyomoyo, bwana wee, usiwaite wanao, tafadhali, hata wakimwaga maji usiwaite. Mwalimu alikuwa anavunja mfupa, hana habari na sisi. Mwanawe mdogo akamsukumia Katarina kibakuli cha chumvi. "Weka," akamwambia, "ni tamu."

Katarina akaweka chumvi. Akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Antonia akanishika goti chini ya meza, akanifinya mpaka nikaumia, na mimi nikahesabu kijiko cha tano, cha sita, mtoto anatafuna, mashavu yamejaa, anamuuliza yule mvulana anasoma darasa la ngapi. Antonia akajipangusa macho kwa kanga akasema pilipili hii kali. Pilipili yenyewe haikuwepo mezani. Nilitaka kwenda kuwaita wote, Hhando na Tluway na wazee wao, waje waone. Nilishaanza kupanga maneno nitakayowaambia.

Ndipo Naeku akatoka ndani na mtoto kiunoni. Mvulana wa mwaka hivi, ana meno mawili chini, kichwa kimenyolewa kinang'aa. "Nishikieni huyu mfalme," akasema, "ataniunguza jikoni." Akamketisha kwenye benchi kati yangu na Katarina, akakimbilia moto wake.

Yule mtoto hakuogopa watu. Alimwangalia Katarina, akacheka, akainama mzima mzima kuelekea sahani yake, vidole vimetangulia kwenye wali. Katarina naye akacheka. Jamani, sikuwa nimesikia kicheko chake toka mwezi wa pili. Akachota wali kidogo kwa vidole, akaupuliza, akampelekea mdomoni.

Mkono wangu ukaruka. Sikuutuma. Nilimshika yule mtoto kwa shati nikamvuta kwangu kwa nguvu, nikamkumbatia kifuani, na mkono wangu mwingine ukawa umesimama kati yake na binti yangu, kiganja wazi, kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani.

"Asante, baba," Naeku akapaza sauti toka jikoni, "angeungua huyo!"

Wali ulikuwa umeshapoa. Katarina alijua umepoa, alikuwa ameushika kwa vidole vyake. Aliuangalia mkono wangu. Akaniangalia usoni, muda mrefu. Antonia aliinamisha kichwa. Yule mvulana wa mwalimu aliendelea kula.

Katarina akaurudisha ule wali kwenye sahani, punje kwa punje. Akajifuta vidole kwenye gauni. Kisha akasogea, akasogea tena, mpaka mwisho wa benchi, nusu yake ikawa imekaa hewani, na mikono akaiweka chini ya mapaja, akaikalia.

"Usiogope, baba," akaniambia taratibu. "Simgusi."

Nilitaka kumpa yule mtoto ampakate. Nilitaka kumwambia shika, mwanangu, mlishe, hakuna kitu. Mungu ni shahidi yangu, nilitaka. Mtoto wa watu alikuwa analia sasa, anajinyonga kifuani mwangu anataka kurudi kwa Katarina, na mikono yangu haikumwachia.