Mkate wa Ghorofa ya Tano

Asubuhi Bayumi aliporudi kazini, Haji Metwali alikuwa amekaa mbele ya tanuri lake pale Bulaki, akikoroga sukari ndani ya chai kana kwamba ana ugomvi nayo.

"Umepona, au umekuja kunikoholea mikate?"

"Nimepona, Haji."

"Haya, panda."

Pole yenyewe ndiyo hiyo. Homa ya matumbo ilikuwa imemlaza Bayumi peke yake katika chumba chake cha juu ya paa, na muda wote huo mikate ya mtaa ilipita chini ya dirisha lake, kichwani kwa Sharkawi, mbebaji mwenzake. Hakuna uliopanda ngazi.

Akajitwika chano kirefu cha mbao, mikate imerundikwa, mkono mmoja juu, mwingine kwenye usukani wa baiskeli. Akakanyaga pedali. Alipokwisha kugawa mikate ya nyumba za chini, magurudumu yaliacha lami. Ugonjwa ulikuwa umemla nyama yote, na kilichokuwa kikimshikilia ardhini ni mikate tu. Kadiri alivyogawa ndivyo alivyopanda.

Wanawake waliokuwa wameteremsha vikapu kwa kamba wakavipandisha tena.

"Afadhali," alisema Mama Zizi wa ghorofa ya tano, akipokea mikate yake ya moto mkono kwa mkono. "Kamba ilikuwa inanichubua viganja."

"Akipita apige kengele," mumewe alisema kutoka ndani. "Nguo za ndani za watu zimeanikwa."

"Sasa nashukaje, Mama Zizi?"

Mama Zizi akampa tofali, kutoka kwenye ukuta ambao mumewe ameshindwa kuumalizia tangu Zizi akiwa ananyonya. Bayumi akaliweka kwenye chano, akashuka polepole.

Mtaa ukazoea. Nyumba za chini kwanza, ghorofa ya tano mwisho, kisha tofali. Kule mkahawani Haji Metwali aliwaambia watu mpango huo kaufikiria yeye. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Haji ana upara.

Lakini Bayumi alikuwa akitazama angani.

"Haji, upepo wa Khamsini unakaribia. Ukinikuta kule juu na chano kitupu, utanibeba na mchanga wake. Naomba mikate yangu iliyoungua, ninenepe kidogo."

Mikate iliyoungua ni haki ya mbebaji, tangu tanuri la kwanza kuwashwa Bulaki. Haji akampa. Bayumi akala mmoja, akashushia na kitunguu. Siku hiyo hakuvuka ghorofa ya nne, na Mama Zizi ikabidi ateremshe kikapu.

"Haji!" kelele zilifika hadi Nili. "Kula ale yeye, kuchubuka nichubuke mimi?"

"Samahani, mama. Halitatokea tena."

Kuanzia hapo mikate ya Bayumi iliyoungua ikapewa mabata wa Haji, kule juu ya paa. Kila asubuhi Bayumi alipita juu yao akiwaona wanavyomeza. Walinona hadi wakashindwa kupanda hata kizingiti.

"Na upepo je, Haji?"

"Shika tofali vizuri."

Upepo ukaja, mbingu ikawa rangi ya manjano. Bayumi alikuwa amekwisha kumkabidhi Mama Zizi mikate yake. Mama Zizi akaingia kwanza kufunga madirisha, kwa sababu alikuwa amefuta vumbi jana yake. Alipotoka na tofali, Bayumi alikuwa ameshaupita mnara wa msikiti, anakanyaga pedali kwa nguvu zake zote, anapiga kengele kama alivyoagizwa.

"Haji! Tofali hili nimpe nani sasa?"

Haji Metwali alitoka tanurini, akakinga macho kwa kiganja, akatazama juu.

"Kaondoka na chano changu," alisema.

Kisha akamgeukia Sharkawi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambi chake, akitafuna mkate ulioungua.

"Na wewe Sharkawi, mbona huugui?"