Wenzo wa Kushoto

Mama Spana, fundi aliyeunda mitambo ya kufumia nguo kiwandani hapo kwa miaka thelathini na moja, aliitwa ofisini kutia sahihi. Kampuni ilikuwa inachapisha kitabu cha historia yake, na meneja, mjukuu wa mwanzilishi, alitaka mfanyakazi mkongwe kuliko wote athibitishe kwamba yaliyoandikwa ni kweli.

Akavaa miwani, akasoma. "Mwanzilishi alibuni mtambo wa kwanza peke yake. Wenzo wa kuwashia aliuweka kushoto baada ya utafiti wa kina."

Utafiti! Damu ikamchemka. Mtambo ule aliubuni mama yake mzazi, mfagiaji wa karakana, kwa mbao na minyororo ya baiskeli, huku watu wakimcheka. Mwenye mali akaupenda, akaupiga chapa ya jina lake, na mfagiaji akarudishiwa ufagio. Kuku akataga, jogoo akawika.

"Ushahidi uko wapi, mama?" meneja akauliza, kwa ile adabu ya kumfungulia mtu mlango ili atoke.

"Uko chini. Twende."

Walipoingia karakanani mafundi waliacha kazi. "Haya, washa mtambo huu, mwanangu," Mama Spana akamwambia meneja. Meneja akanyoosha mkono wa kulia kuufikia wenzo wa kushoto, ukakatiza tumbo lake, tai ikaning'inia juu ya nyuzi. Mafundi wakajiziba midomo wasicheke.

"Babu yako aliandika kwa kulia, na makofi alitupiga kwa kulia. Ajitese hivi kwa nini? Mama yangu ndiye aliyekuwa na mashoto. Aliupanga kwa mkono wake, nanyi mmeuiga miaka hamsini bila kuuliza."

Meneja akafuta jasho. "Basi tuandike 'kwa msaada wa wafanyakazi'. Yaishe."

"Mimi sikuzaliwa na wafanyakazi. Nilizaliwa na mtu mmoja."

"Angalia, mama. Kazi bado unayo."

"Kazi ninayo, na ulimi ninao."

Akailaza karatasi juu ya mtambo, na mahali pa sahihi akaandika: UONGO.

"Sawa," meneja akasema. "Wakongwe hawajaisha." Akatoa nakala nyingine na kumpa kalamu fundi wa kalibu za kumiminia vyuma, mzee mpole asiyewahi kubishana na mtu. Yule akafuta mikono kwenye suruali, akainama, akaandika taratibu. Kisha akampa kalamu jirani yake.

Karatasi iliporudi mkononi mwa meneja, ilikuwa na neno lile lile moja, kwa miandiko ishirini na sita.