Mito ya Kaa

Mume wangu ana ugonjwa wa kufupisha maneno. Mpe salamu ndefu za kupeleka, na majina ya watoto na pole za msiba, naye akifika atasema, "Wanawasalimu." Yeye ni fundi umeme, na hujitetea kwamba waya ukiwa mrefu mno nguvu hupotelea njiani. Nimeishi naye miaka mingi nikivumilia. Lakini siku aliyopokea simu ya mwenye nyumba ya wageni, waya ule aliukata pabaya.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa kwa dada yangu aliyejifungua, nampikia na kumfulia. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, alieleza kwa kirefu kwamba anataka mito ya makochi kwa ajili ya sebule yake. Kitambaa cheupe kilichofifia. Katikati ya kila mto litariziwe neno moja, "Kaa", kwa herufi kubwa, ili mgeni aliyechoka akiingia aone anakaribishwa kuketi, na Mungu akipenda alale hata usiku wa pili. Mume wangu aliitikia yote hayo kwa "sawa" na "naam". Kisha akaweka simu mezani na kumwita mama yake aliyekuwa chumba cha mbele.

"Mama, yule wa nyumba ya wageni anataka mito ya kaa. Kitambaa cheupe kilichofifia."

Mama mkwe wangu hakuuliza mara mbili. Kaa anawajua. Akachagua uzi mwekundu, wa machungwa na wa kahawia, akabana kitambaa kwenye duara lake la mbao, akaanza.

Chumba cha mbele ndicho karakana yetu. Kina dirisha pana linalotazama barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia, na kiti cha Mama kando ya dirisha, kile chenye mguu uliofungwa kamba. Mimi nakata, wifi yangu anashona, Mama anatarizi. Kuna wakati tulikuwa tunakataa kazi. Siku hizo zilipita. Bei ya uzi ilipanda, ya kitambaa ikaifuata kama mkia, halafu pale kona akatokea mtu anayeuza mito ya kiwandani yenye picha za maua, bei ya kutupa. Wateja wetu wakawa watu wa "tutarudi". Ukisikia mteja anasema tutarudi, funga mlango, upepo usiingie.

Wifi yangu alipambana kwa namna yake. Alibandika ukutani karatasi iliyoandikwa kwamba tabasamu la leo ni riziki ya kesho. Niliibandua kwa sababu ilikuwa imeziba swichi. Aliniambia sina matumaini. Nikamwambia matumaini ninayo, ila nayaweka mikononi, ukutani yanapata vumbi. Nina stashahada ya biashara, na chuoni hatukufundishwa kwamba kunuka huzuni dukani kunaleta wateja, lakini pia hatukufundishwa kwamba kucheka peke yako kunalipa ada. Unaamka, unaosha mikono, unafanya kazi iliyopo. Ikiisha, unafagia ili itakayokuja ikute pasafi.

Ila kulikuwa na kinyozi. Kijana mstaarabu, shati limenyooka, ananukia poda. Alitaka kupanga chumba cha mbele. Alishakuja na utepe, akapima ukuta wa kioo na mahali pa viti, akihesabu kwa kunong'ona kama anasali. Nilimwambia nitampa jibu Jumamosi. Kodi yake ingetusaidia sana, sitadanganya. Cherehani zingehamia ukumbini, huko ambako hapana mwanga.

Na Mama angeondoka. Hakuna aliyemfukuza. Alisema mwenyewe, kwa upole, siku ileile ya utepe, kwamba kazi ikiisha yeye atakwenda kwa mwanawe mdogo, atupunguzie mdomo wa kulisha. Nilimjibu kwamba mdomo wake hauli chochote zaidi ya chai. Akacheka, lakini kesho yake nilipofagia uvunguni mwa kitanda chake, ufagio uligonga mfuko. Nilipousogeza nikaona umefungwa, zipu imefika mwisho.

Niliurudisha palepale. Mimi ni hodari wa kusema mambo ya sufuria na ada za shule. Mambo kama hayo siyawezi.

Nilirudi kutoka kwa dada Alhamisi jioni. Nilipokuwa kwake, mwenye nyumba ya wageni alikuwa amenipigia akanihimiza kuhusu "lile neno langu, Kaa", kwa hiyo nilijua vizuri alichoagiza. Niliingia chumba cha mbele nikiwa bado na mzigo kichwani. Mito ilikuwa imepangwa juu ya meza, imeshonwa zipu, imejazwa sponji, imenona. Juu ya kila mto, kaa. Wekundu, wa machungwa, wa kahawia. Magando juu, macho yametoka.

"Hivi ni nini?" nikauliza.

"Mito ya kaa," akasema wifi. "Si umeona?"

Nikatua mzigo. Nikamwita mume wangu. Alikuja na bisibisi mkononi, nami nikamwomba anirudie maneno ya simu, yote, pasipo kukata. Alipofika kwenye "herufi kubwa" alisimama, akatazama mito, akatazama bisibisi, kana kwamba inaweza kumtetea.

Wifi yangu alilaza kichwa juu ya cherehani akacheka mpaka sindano ikatetemeka. "Kaka," akasema, "ungetumwa mito ya maji ungetujazia mafuriko humu ndani."

Mama hakucheka. Aliuliza taratibu, "Kwa hiyo lilikuwa kaa la kukaa?" Nilipoitikia, alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akachukua mkasi mdogo. Akavuta mto wa kwanza mapajani aanze kufumua.

Nilimzuia. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kikazi: kitambaa kile ukifumua tarizi nzito namna ile kinabaki na matundu kama chujio, na kingine cha kutosha hatukuwa nacho. Sababu ya pili ilikuwa kitinda mimba wangu, aliyekuwa amepiga magoti kitini akitazama mito mmoja mmoja.

"Huyu ni mama," akasema, na kidole chake kimegusa kaa mmoja mwekundu.

Nikatazama. Kaa yule alikuwa ameshika kiuno kwa magando mawili, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesubiri maelezo. Hata kidoti changu cha shavuni kilikuwepo. Wifi alisema sasa haja ya kioo imekwisha nyumbani. Basi tukaanza kuwatambua. Aliyejiviringisha katika uzi mweusi miguu yote minane ni mume wangu na nyaya zake. Aliyeachama kinywa mpaka macho yamefumba ni wifi, naye akakana, huku ameachama vilevile. Mwingine alikuwa na magando yaliyochongoka kama mkasi. Mama alisema huyo ni yule kijana wa utepe, asitenganishwe na kazi yake.

Katika miezi ya "tutarudi" Mama alikuwa ametarizi maua yaleyale, kwa mpangilio uleule, akitazama barabara kuliko kitambaa. Sikuwa nimeona mkono wake ukicheza namna hii tangu baba mkwe alipofariki. Nikahisi nataka kumkumbatia. Badala yake nikamwambia kwamba mafundo ya nyuma ni makubwa mno.

Mto wa mwisho nilikuwa nimeukalia nusu. Kaa wake alikuwa mdogo, wa kahawia, hakuwekwa katikati kama wenzake. Alikuwa pembeni kabisa karibu na mshono, ametupa mgongo, anaondoka kiupandeupande. Katika gando moja amebeba mfuko.

"Na huyu anakwenda wapi?" nikamwuliza Mama.

"Huyo?" Akavuta uzi uliokuwa umeachia. "Huyo anawapisha wenzake."

Wifi alikuwa bado anacheka na kaka yake, hawakusikia. Niliuchukua ule mto nikauweka chini ya kitambaa kingine, nikasema chai iko wapi.

Jumamosi walikuja wote wawili kwa wakati mmoja, kwa kuwa mabaya hayaji peke yake na mazuri huogopa kutembea peke yake. Kinyozi alikaa kwenye benchi. Mwenye nyumba ya wageni alisimama. Nilimweleza kosa lilivyotokea, waziwazi, bila kulipaka asali, nikimtaja aliyelifanya, ambaye alikuwa amepanda darini ghafla kutazama waya.

Yule mama alishika mto mmoja akaugeuza. "Niliomba neno," akasema, "nikaletewa gando."

Nikamwambia namna nilivyofikiria. Nyuma ya kila mto ni peupe. Tutatarizi neno lake huko, herufi kubwa kama alivyotaka, atachukua katikati ya wiki. Upande wa kaa akiuchukia, aulaze chini, hakuna atakayejua. Na gharama ya kosa letu hatutamtwisha, bei ni ileile ya upande mmoja.

Aliubonyeza mto kwa dole gumba. Alimtazama kaa mwenye kushika kiuno, akanitazama mimi, akamtazama tena kaa. Midomo yake ikaanza kumshinda nguvu.

"Haya," akasema. "Mgeni nikimpenda nitamgeuzia neno. Nisipompenda nitamwachia huyu hapa."

Alihesabu mito, akasema mmoja umepungua. Nikamjibu kwamba huo hauuzwi, nitamshonea mwingine. Mama aliinua macho kutoka dirishani.

Kinyozi muda wote huo alikuwa amepakata kaa mwenye mkasi, anamgeuza huku na huku. Nikajua sasa ni zamu yake, nikafungua mdomo kumpa jibu ambalo lilikuwa bado halijakamilika kichwani. Akaniwahi. Aliuliza nani ametarizi. Nikamwonyesha Mama.

"Bibi," akasema, "unaweza kunitarizia huyu kwenye pazia la mlango? Mkubwa. Chini yake uandike Kaa Unyolewe."

Wifi alipiga kofi paja lake. Mama alimtazama kijana yule kwa makini, kuanzia viatu. "Ninaweza," akasema. "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji; mimi nitatia uzi. Lakini pazia lako litatundikwa mlango upi, mwanangu? Huu hapa?"

Hapo ndipo jibu liliponijia, nalo lilikuwa rahisi mno kiasi cha kunikera. Nilichukua utepe wake palepale nikapima. Alikuwa na viti viwili tu. Viti viwili na kioo havihitaji chumba kizima. Upande wa mlango ungemtosha, upande wa dirisha ubaki wetu, pazia katikati, na wanaosubiri kunyolewa waketi kwenye benchi letu, juu ya mito yetu, wakiwa hawana la kufanya ila kuitazama. Kinyozi alisema alitaka nafasi zaidi. Nikamwambia nami nilitaka kuwa mrefu. Tukabishana kidogo kuhusu nywele, kwamba zisivuke pazia, tukaelewana.

Nusu ya kodi si kodi nzima. Mtu wa mito ya kiwandani bado yupo pale kona, na wateja wa "tutarudi" wengine hawajarudi hadi leo. Sisemi tulitajirika. Nasema cherehani hazikuhama.

Siku zilizofuata Mama na wifi walitarizi neno la mteja. Ule mto mmoja niliutarizi mwenyewe, mchana, nikijifungia chumbani kama mwizi. Mimi mkono wangu ni wa mkasi, wa sindano sina. Nilijidunga vidole, nilirudia herufi ya kwanza mara kadhaa, na uzi mwekundu ulijikunja ukaniudhi. Nilipomaliza nikaenda nikauweka kwenye kiti chake cha dirishani, upande wa kaa ukiwa juu, nikarudi mezani kukata kitambaa ambacho hakikuwa na haraka yoyote.

Mama alikuja na chai yake. Alimwona kaa mdogo wa mfuko, akasimama. Kisha, kwa kuwa ni fundi na fundi haoni tarizi asitazame nyuma yake, akaugeuza mto.

KAA.

Akauleta karibu na miwani. Mkasi wangu ulikuwa unakata kwa kelele sana.

"Herufi ya kati imelala kama mlevi," akasema hatimaye.

"Najua, Mama."

"Na mafundo ni makubwa."

"Najua."

Akapitisha kidole juu ya zile herufi, polepole, moja baada ya nyingine, na wakati ule sikuwa na shaka kwamba amelisoma neno kama nilivyoliandika, kwamba halikuwa la kuketi tu. Akauweka mto mgongoni pake, akaketi, akavuta duara lake la mbao. Pazia la kinyozi lilikuwa limefika kwenye gando la pili.

Baada ya kitambo akamwita mjukuu wake. Akamwagiza aende chumbani kwake, avute ule mfuko ulio uvunguni, nguo azitie kabatini, na mfuko aulete hapa.

"Vitambaa vinazagaa," akasema, bila kuinua macho. "Tutatilia mabaki humo."