Njia ya Msusi

Ngazi za mlangoni kwake zilikuwa tatu tu, na kila asubuhi Msusi alishushwa juu juu na kiti chake cha magurudumu. Dereva, jirani wa chumba cha pili, alishika mbele, mwingine akashika nyuma, na akina mama waliokuwa wakifua kwenye karo la uani wakapiga vigelegele. "Bi harusi huyooo! Mpisheni!" Naye alicheka nao. Miguu ilikufa ukubwani, ulimi haukufa. Alishushwa hadi barazani, akasuka vichwa vya watu mpaka jioni, akapandishwa.

Shida ni kwamba Dereva alikuwa mtu wa safari. Akiondoka, wabebaji waliobaki walikuwa na mikono inayopotea njia. Msusi alivumilia weee, mpaka siku moja akamwomba mteja amsukume hadi ofisi ya serikali inayoshughulikia nyumba. Kumbe sheria ipo! Mwenye nyumba haruhusiwi kumfukuza mpangaji mlemavu wala kumnyima njia ya kupita. Alirudi anaimba. Njia yake mwenyewe, atoke atakapo, asishikwe na mtu.

Afisa alikuja na tai yake. Mwenye nyumba akamtolea kiti kivulini.

"Mimi nani nibishane na serikali?" alisema, meno yote nje. "Najenga wiki hii hii."

Na kweli akajenga. Upande wa geti palikuwa na nafasi tele, ila alisema hapo analaza gari lake. Akavunja karo, akaziba bomba pekee la ua mzima, akamwaga juu yake zege la mteremko kutoka mlangoni kwa Msusi.

"Kwa nini hapo?" Msusi alimuuliza afisa alipokuja kukagua. "Tena imesimama kama ukuta. Nikishuka peke yangu si nitavunjika shingo?"

"Dada, sheria inataka njia. Hii si njia?"

"Na watu watafua wapi?"

"Hilo hukulileta ofisini."

Mwenye nyumba akawageukia wapangaji waliosimama na ndoo zao tupu. "Jamani, msininunie mimi. Mimi na ngazi zangu tulikuwa hatuna neno. Mshukuruni mwenzenu, ana sheria yake."

Hakuna aliyemtukana Msusi. Afadhali wangemtukana, angewajibu, wakachoka, yakaisha. Walinyamaza tu. Dereva aliporudi safari alimsalimia kwa kidevu na kupita, mkewe akiwa nyuma yake na madumu mawili. Ule ukimya ulimuuma Msusi kuliko mikono ya wale wabebaji.

Alimvizia Mama Pacha, shoga yake wa miaka yote, akitoka kuteka maji mtaa wa pili.

"Shoga, nishikie kiti nishuke. Mteja ananisubiri barazani."

"Si umejengewa barabara?" Mama Pacha hakusimama. "Wenzio shingo zinatuuma na ndoo."

"Hivi karo nimelivunja mimi?"

Hapo akasimama. Jibu alikuwa nalo, lilimjaa mdomoni. Kisha akatupa jicho juu, kwenye dirisha la mwenye nyumba, ambako pazia lilikuwa limefunguliwa kidogo.

"Mimi nina watoto," alisema chini chini. "Nikifukuzwa hapa, sheria yangu iko wapi?"

Akaenda zake. Mteja naye alisubiri, akachoka, akaenda kwa msusi mwingine.

Kesho yake Msusi alioga, akapaka wanja, akapakata vitana vyake na kufungua mlango. Chini ya njia, kutoka ukingo hadi ukingo, yalikuwa yamepangwa mapipa ya maji ya nyumba nzima. Yangewekwa wapi tena? Ng'ambo ya ua, nyuma ya mlango uliorudishiwa, wenzake walikuwa wakinywa chai. Alisikia vijiko, akasikia mtu akichekesha watu.

Akanyoosha mkono, akagonga kizingiti chake mwenyewe, kutokea ndani.

"Hodi!" aliita. "Hodi, wenyewe!"

Kicheko kilikatika. Akangoja mtu aseme karibu.