Naja

Wiki nzima Jokha alinitoa roho kwenye mlango wa skuli. Mtoto wa miaka minne, lakini akishalishika koti langu, haliachi ng'o! Mtaa mzima wa Sparkbrook, huku kwa Waingereza, ulishatujua. Mie hasira zangu za karibu, sikatai, nikamkaripia mbele za watu: "Jokha, wacha kisirani! Unaniaibisha."

Mwalimu, mama mmoja wa Kiingereza, mpole, alinikataza kuondoka kwa kunyemelea. Nimuage vizuri, kwa lugha yetu. Basi kila asubuhi nilichuchumaa, nikambusu, nikamwambia, "Kwaheri, mwanangu." Na hapo ndipo alipoangua kilio. Ijumaa mwalimu akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba asipotulia bora nikae naye nyumbani mpaka mwakani. Nafasi yangu ya cherehani kwenye duka la Rajni, Ladypool Road, ilikuwa haimngoji mtu.

Jumatatu kukaanguka theluji. Tulipofika mlangoni nikaona mfuko wake wa viatu vya ndani umetudondoka kule getini. Nikageuka mbio kuufuata, na kama ninavyosema nyumbani nikienda jikoni, likanitoka bila ya kufikiri: "Naja!"

Nyuma yangu sikusikia kilio. Niliporudi na mfuko, Jokha ameshavua koti, amekaa chini na Raksha, kitoto cha Kigujarati, wanapanga vipande vya mbao. Hata uso hakuinua. Subhana Allah! Mwalimu akanipungia mkono: nenda, nenda.

Njiani ndipo nilipofahamu. Kwaheri, Jokha aliisikia kiwanja cha ndege, Unguja, bibi yake akimwambia huku analia. Hajamwona tena. Na mie, mama mtu, kila asubuhi namwambia neno lile lile, tena kwa busu! Maskini mwanangu. Kwetu mtu anaondoka huku anasema anakuja, na siku zote nimelisema wala sijalisikia. Neno dogo vile, na mama mzima yumo ndani yake. Nililia barabarani, theluji inaniangukia, nikilirudia peke yangu kama mwehu: naja, naja.

Saa za kuwachukua watoto nilitoka dukani mbio, uzi bado umening'inia shingoni, nikawa wa mwanzo getini. Nimeshasema naja. Nisiporudi, mie nitakuwa nani kwake?

Kesho yake nikachuchumaa tena mlangoni, machozi yananilengalenga kwa furaha, nafungua mdomo. Jokha akaniwahi. Akanishika mashavu kwa glavu zake za sufu.

"Usilie, mama," akasema. "Naja."

Akaingia ndani, wala hakugeuka nyuma. Mie nikabaki nimeung'ang'ania mlango, siuachi ng'o, mpaka mwalimu akaja kunibandua vidole.