Kitabu cha Mlango

Binti wa fundi lifti alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, upande mmoja umesukwa na mwingine umetimka, pale simu ilipoita. Aliyepiga alikuwa jirani anayeishi chini ya baba yake. Alisema bomba la maji jikoni kwake linagongwagongwa kutoka juu tangu asubuhi, na kwamba amepanda kubisha hodi kwa mzee asiitikiwe. Binti hakungoja kusikia zaidi. Alitoka mbio na aproni yake ya saluni, chanuo la chuma likiwa bado mkononi, na mteja wa watu, masikini, alirudi nyumbani siku ile amejifunga kitambaa kichwani.

Baba huyo alitumia maisha yake yote ya kazi kutengeneza lifti na kuwatoa watu waliokwama ndani yake. Sasa alikuwa amestaafu, mkewe amefariki, naye anaishi peke yake ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Upweke ulikuwa unammaliza. Chakula alikuwa anakitazama tu. Binti, kwa kuhangaika, akampeleka kwenye duka la vitabu ambako kila Jumamosi, nyuma kwenye maboksi, walikutana wasomaji waliojiita Tutabaki.

Tutabaki walisoma vitabu vya kunusurika tu. Kunusurika na nini, hilo hawakukubaliana hata siku moja. Mwenye duka alingoja mafuriko. Wengine walingoja maradhi, wengine giza la miezi mitatu. Kiongozi wao waliyemwita Kanali alingoja vita, ingawa bunduki hajawahi kuigusa. Maisha yake yote aliuza magodoro. Lakini walikuwa na sharti moja walilolishika kwelikweli: huruhusiwi kusifia kitabu mbele ya wenzako mpaka ufanye sura yake moja kwa mikono yako mwenyewe. Ndiyo maana Kanali alilala roshani wiki nzima chini ya karatasi la nailoni mpaka akapata kikohozi. Mwenye duka naye alikunywa maji ya mtaroni aliyoyachuja kwa mchanga na mkaa, akaharisha siku kadhaa, na kitabu kile akakisifia kwa shingo upande.

Msimu huu kilichovuma ni kitabu cha mlango. Kila mtu alikuwa nacho, kila mtu alikinukuu. Kilisema mlango wa kweli haufungwi, unazibwa: bati nene la chuma, makomeo yanayozama sakafuni na ukutani kwa ndani, na nje pasiwe na tundu la ufunguo, kwa kuwa tundu ni mwaliko. Madirisha nayo yapigwe bati. Nyufa zote zijazwe sponji ili sauti ya mwenye nyumba isitoke. Fundi lifti, ambaye alikuwa mgeni na alitaka sana kusifia kitabu mbele ya wenzake, akachagua sura ndefu kuliko zote. Tutabaki wakaja kumsaidia. Fundi wa kuchomelea, mwenzao, alifanya kazi ile bure.

Binti alipouona mlango alimuuliza baba yake siku akiugua wataingiaje. Mzee akacheka, akasema aliyewatoa mamia ya watu kwenye masanduku ya chuma hawezi kushindwa kutoka kwenye la kwake. Alikuwa haambiliki. Binti akanyamaza, maana mzee alikuwa anakula tena, tena kwa hamu, na hilo alikuwa amelitamani kuliko kitu chochote.

Sasa alisimama mbele ya mlango huohuo na kuupiga kwa viganja mpaka vikamuuma. Aliita, akaita. Sponji ilimeza kila neno. Bomba pekee ndilo lililosema, lile linalopita koridoni na kuingia jikoni kwa mzee chini kabisa, karibu na sakafu. Ta, ta. Kimya. Ta. Furaha ilimjia kwanza, kwamba yu hai, kisha ikayeyuka. Mtu mzima mwenye miguu hagongi bomba la sakafuni, anakuja kufungua.

Zimamoto aliowapigia walijibu simu kwa upole. Gari lao lilikuwa kwenye ghala linaloungua upande wa pili wa mji, likimaliza litakuja. Waliofika upesi ni Tutabaki, aliowapigia pia. Fundi wa kuchomelea alikwenda karakana kuchukua mashine ya kukatia chuma, na wengine wakapanda ngazi wakihema, kila mmoja na kitabu chake kwapani.

Wakaanza kubishana juu ya mlio wa bomba. Kanali alisema mbili na moja maana yake niko salama, msiingie. Mwenye duka akasema hapana, kwa kitabu walichosoma mwaka jana maana yake nina kiu. Wakafunua kurasa, wakalamba vidole, na bomba likaendelea kugonga huku hakuna aliyejua linasema nini.

"Dirishani je?" binti aliuliza.

"Bati," alisema Kanali. "Sura ya tano."

"Basi tung'oe bawaba."

"Ziko ndani, binti yangu. Sura ya nne."

"Ukuta?"

"Ukuta tuliuongezea nondo na zege. Ndoo nilizishika mimi mwenyewe." Alilisema kwa fahari, kisha akasikia mwenyewe alichosema. Akafunga kitabu, akakaa kwenye ngazi na kutazama viatu vyake.

Hapo ndipo binti alipokumbuka mazungumzo ya mezani utotoni. Baba yake alizoea kusema kwamba mtu akikwama kwenye lifti, usianze na spana. Anza kuzungumza naye. Akijua kuna mtu, atakungoja. Akapiga magoti, akagonga bomba kwa chanuo, si kwa alama ya kitabu chochote. Aligonga vile mama yake alivyokuwa akigonga mlango wa bafu mzee anapokaa humo kutwa: mara tatu za haraka, kisha moja ya kukata tamaa.

Kimya. Kisha kutoka ndani: ta, ta, ta. Ta.

Alicheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. Alikuwepo, na akili yake ilikuwepo.

Mashine ikafika, ikawashwa, na korido nzima ikajaa cheche na kelele. Binti aliinua mkono na fundi wa kuchomelea akasimama. Aligonga, akajibiwa, fundi akaendelea. Akainua mkono tena. Jibu likaja, dogo zaidi, na ile ya mwisho haikusikika. Mara ya tatu ilibidi aweke sikio kwenye bomba ndipo asikie kitu kama ukucha.

Fundi alizima mashine na kuinua miwani yake. Uso wake ulikuwa umelowa, na si jasho tupu.

"Dada, tusidanganyane. Chuma hiki nilikichagua mimi, kinene kuliko walichosema kwenye kitabu. Kila nikisimama, napoteza mkato. Nikienda moja kwa moja, pengine tunamuwahi. Tukisimama kumsikiliza, hatumuwahi."

Binti aliwatazama Tutabaki, wote wasomaji, wote waliojitayarisha. Hakuna aliyeinua macho. Alitamani mmoja wao afungue ukurasa wowote na kumwamulia, hata kwa uongo.

"Kata," alisema. "Usisimame tena."

Kelele zikarudi. Binti alilala ubavu kwenye sakafu ya korido, aproni yake ikachomwa na cheche, akashika bomba kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaendelea kugonga kwa chanuo. Tatu za haraka, moja ya polepole. Hakujisikia mwenyewe akigonga. Alipoacha ili angoje jibu, bomba lilitetemeka kiganjani mwake, likatetemeka bila kukoma, na hakuweza kujua kama ni baba yake au ni mashine.